Prosesa au Kadi ya Grafiki: Nani Anamsubiri Mwenzake?

Tangazo la kompyuta ya gemu huwa na maneno yale yale, liwe limebandikwa Kariakoo, Dar es Salaam, au kwenye kioo cha duka Luthuli Avenue jijini Nairobi: "Core i7, RAM 16, SSD 512, bei maelewano." Mnunuzi akishaona i7, moyo wake unatulia. Ila katika maneno yote hayo hakuna linalomhakikishia kwamba mashine itaendesha gemu anayoitaka. Kizazi cha prosesa hakikutajwa. Kadi ya grafiki nayo haikutajwa, na mara nyingi haitajwi kwa sababu haimo.

Core i7 ni jina la daraja ndani ya kizazi, na madaraja ya vizazi tofauti hayalingani. Core i7-2600 ilitoka Januari 2011 ikiwa na viini (cores) 4 na nyuzi (threads) 8. Core i3-12100 ilitoka Januari 2022, nayo ina viini 4 na nyuzi 8. Kwa hesabu ya viini ziko sawasawa kabisa, lakini kwenye gemu i3 hiyo inaiacha i7 mbali, kwa kuwa kila kiini chake kinamaliza kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa, na saa yenyewe inapiga haraka zaidi. Katika prosesa hizi za Intel, tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: 2600 ni kizazi cha 2, 8500 ni cha 8, 12400 ni cha 12. Kadi za NVIDIA nazo husomwa kwa namna hiyo: katika RTX 4060, 40 ni kizazi na 60 ni daraja. Muuzaji asipotaja namba kamili, mwombe aiwashe mashine uisome mwenyewe. Akikataa, ondoka.

Prosesa na kadi ya grafiki hazichaguliwi kila moja kivyake. Zinafanya kazi kwa kupokezana, na ile iliyo polepole ndiyo inayoamua mwendo wa zote mbili. Pesa uliyoiweka kwenye ile yenye kasi inakaa bure, ikisubiri. Mtu akilielewa hili vizuri, nusu ya maswali ya ununuzi yanajijibu yenyewe, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Chukua mechi ya EA Sports FC. Kona inapigwa. Wachezaji 22 wapo uwanjani na kila mmoja lazima aamuliwe anakwenda wapi: beki anamkaba nani, kipa anatoka au anabaki golini, mpira unapinda kiasi gani, nani kamgusa nani, mwamuzi anapuliza filimbi au anaacha, mtangazaji anasema nini. Hayo yote ni ya prosesa. Ikishamaliza kuamua, inaandaa orodha ya vitu vya kuchorwa na kuikabidhi kadi ya grafiki. Kadi ndiyo inayochora nyasi, mikunjo ya jezi, jasho usoni, vivuli vya taa za uwanja na umati jukwaani, pikseli kwa pikseli. Picha moja ikikamilika ndiyo fremu, na kazi inaanza upya.

Ili upate fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inapewa milisekunde 16.7 tu. Ukitaka 144, ni milisekunde 6.9. Sasa tuseme prosesa yako inatumia milisekunde 8 kuandaa fremu moja na kadi inatumia 14 kuichora. Kazi hizi mbili hupishana: wakati kadi inachora fremu hii, prosesa imeshaanza kuandaa inayofuata. Kwa hiyo muda haujumlishwi. Unaamuliwa na ile inayochelewa zaidi. Utapata fremu moja kila milisekunde 14, yaani kama 71 kwa sekunde. Badilisha prosesa, ulete ya ghali inayoandaa kwa milisekunde 4: bado ni 71. Iache prosesa ile ile, ubadilishe kadi, ulete inayochora kwa milisekunde 7: unaruka hadi 125, na sasa prosesa yenye milisekunde 8 ndiyo inayomchelewesha mwenzake. Ukifika hapo tu ndipo prosesa mpya inapokuwa na maana.

Mwenye mashine tayari anaweza kujua nani anachelewa bila kununua chochote. Fungua gemu, zima V-Sync na kikomo chochote cha fremu, simama mahali pamoja palipo na mambo mengi, uangalie idadi ya fremu. Kisha shusha resolusheni kutoka 1080p hadi 720p, urudi mahali pale pale. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, kwa sababu umeipunguzia pikseli za kuchora. Zikibaki karibu zile zile, prosesa ndiyo inayochelewesha, na kadi mpya haitakusaidia hata ikiwa ya bei gani.

Wengi hukwepa jaribio hili, wakafungua Task Manager na kusoma asilimia ya prosesa. Wanaona 40, wanasema prosesa imepumzika. Asilimia hiyo ni wastani wa nyuzi zote. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu unaobeba maamuzi mazito, na uzi huo ukijaa pomoni kwenye prosesa yenye nyuzi 12, peke yake unaonekana kama asilimia 8 tu. Asilimia ya kusoma ni ya kadi. Ikiwa 95 na zaidi, kadi inafanya kazi yote inayoweza. Ikiwa 60 huku hujaweka kikomo cha fremu, kadi inasubiri.

Kwa hiyo uchaguzi unaanzia mbali kidogo na duka la prosesa: unaanzia kwenye kioo cha kutazamia na aina ya gemu. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600. Cha 4K kina 8,294,400, mara nne kamili. Mzigo huo wa pikseli unabebwa na kadi. Prosesa haiusikii, maana beki anamkaba mshambuliaji kwa hesabu zile zile, kioo kiwe kidogo au kikubwa. Ndiyo sababu prosesa ya kawaida inatosha kwa mwenye kioo cha 4K anayeridhika na fremu 60, wakati kijana anayecheza Valorant au Counter-Strike 2 kwenye monita ya 1080p yenye Hz 240 anahitaji prosesa kali sana. Gemu za mashindano zimeundwa nyepesi kwa upande wa picha ili ziende kwenye mashine nyingi, na kadi inazimaliza upesi. Kinachobaki kuamua ni prosesa. Cyberpunk 2077 ni kinyume chake: taa, vioo, mvua na moshi wa jiji lake vinaitesa kadi kwanza. Na kama kioo chako ni televisheni ya kawaida ya Hz 60, fremu ya 61 na kuendelea hutaziona, kwa hiyo usilipie 200.

Nikigeukia kadi yenyewe, watu huuliza kasi na kusahau memori. Kadi ina memori yake, mbali na RAM ya kompyuta, na humo ndimo zinamokaa picha za ngozi, kuta, nguo na ardhi ambazo gemu inazihitaji mara moja. Ikijaa, kadi inalazimika kuvuta vitu kutoka RAM kupitia njia ya PCIe ambayo ni nyembamba kuliko memori yake mara nyingi. Hapo huoni fremu zikipungua taratibu. Unaona mchezo ukikwama ghafla, ukienda, ukikwama tena. PlayStation 5 na Xbox Series X zilipotoka Novemba 2020 zikiwa na memori ya GB 16 inayotumiwa kwa pamoja na prosesa na grafiki, waundaji wa gemu walipata nafasi kubwa kuliko kizazi kilichotangulia, na wakaitumia. Tangu 2023, gemu kubwa zilizohamia kwenye kompyuta, kama The Last of Us Part I, zilianza kuzibana kadi za GB 8 mtu akiweka picha za kiwango cha juu.

Mfano safi kuliko yote ni RTX 4060 Ti ya mwaka 2023. Iliuzwa kwa aina mbili zenye chipu ile ile, moja GB 8 na nyingine GB 16. Kwenye gemu nyepesi hazitofautiani. Kwenye gemu inayohitaji GB 10, ya kwanza inakwama na ya pili inakwenda, ilhali nguvu ya kuchora ni moja. Ushauri wangu: kwa 1080p, GB 8 ndiyo chini ya kukubalika kwa kadi unayokusudia kukaa nayo miaka. GB 4 inunue tu ukijua kwamba gemu zako ni zile nyepesi au za zamani, kama GTA V iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2015.

Kuna jambo jingine la kadi ambalo maboksi hayalisemi waziwazi: idadi ya njia za PCIe. RX 6500 XT na RX 6400, zote za Januari 2022, zina njia 4 tu badala ya 16 au 8. Kwenye ubao mama wenye PCIe 4.0 njia hizo nne zinatosha kiasi. Kwenye ubao wenye PCIe 3.0, ambao ndio ulio kwenye kompyuta karibu zote za Intel kuanzia kizazi cha 3 hadi cha 10, kila njia inapitisha takriban GB 1 kwa sekunde, kwa hiyo jumla ni kama GB 4 mahali ambapo kadi ya njia 16 ingepata kama 16. Ongeza kwamba kadi zenyewe zina memori ya GB 4 inayojaa mapema. Zinajaa, zinakwenda kuvuta vitu kwenye RAM, na njia ya kuvutia ndiyo hiyo iliyobanwa. Mnunuzi mwenye mashine ya zamani, ambaye ndiye angevutiwa zaidi na bei yake, ndiye anayepata hasara kubwa zaidi. Nasikitika kila ninapoona kadi hizi zikipendekezwa kwa mashine za zamani bila onyo.

Mashine hizo za zamani zinastahili maelezo marefu, kwa sababu ndizo mlango ambao vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaingilia kwenye gemu za kompyuta. Ofisi za Ulaya zikibadilisha vifaa, Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotumika zinafika kwetu, zikiitwa "ex-UK" kwa Wakenya na mtumba kwa wengine. Ni mashine imara, zina prosesa nzuri kwa bei yake, na hazina kadi ya grafiki. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inakubali Intel kuanzia kizazi cha 8, kwa hiyo kampuni nyingi zina sababu ya kuziondoa zile za kizazi cha 6 na cha 7. Bei yake inavutia. Lakini mchezaji atazame mbele kidogo: hata akilazimisha Windows 11 kwenye mashine hizo, Valorant, kwa mfano, haikubali kufunguka humo bila vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot. Tofauti ya bei kati ya kizazi cha 7 na cha 8 ikiwa ndogo, chukua cha 8 bila kusita. Kuna sababu ya pili, na ni nzito kuliko ya kwanza: i5-6500 na i5-7500 zina viini 4 na nyuzi 4 tu, i5-8500 ina viini 6. Gemu za leo zinapewa kazi nyingi za pembeni, na viini 4 visivyo na nyuzi za ziada vinakosa pa kuziweka. Fremu za wastani zinaweza kuonekana nzuri, huku mchezo ukishtuka-shtuka kila eneo jipya linapofunguka.

Tatizo la mashine za ofisi ni umeme. Pawa saplai yake huwa ya wati 180 hadi 300 hivi, mara nyingi haina kebo ya kulisha kadi, na plagi zake za Dell au HP si za kawaida, kwa hiyo kubadilisha saplai kunahitaji adapta au fundi anayejua anachofanya. Kinachobaki ni kadi inayokula umeme kupitia nafasi ya PCIe peke yake, ambayo kikomo chake ni wati 75. Orodha ni fupi: GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019 katika matoleo yasiyo na plagi, RX 6400, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024 ikiwa na kikomo cha wati 70. Kwa mashine hizi, hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipendekeza, hata kama GB 6 ni pungufu ya zile 8 nilizozitaja. Ina njia 8, ina memori zaidi ya GB 4, inatumia DLSS nitakayoieleza mbele, na ina vifaa vya ray tracing vinavyodaiwa na gemu mpya kama Indiana Jones and the Great Circle, ambayo haifunguki kabisa kwenye GTX 1650. Angalia tu jina: kuna RTX 3050 ya GB 8 inayokula wati 130 na kuhitaji kebo. Jina moja, kadi mbili.

Kabla ya kulipia, fungua mfuniko upime. OptiPlex ndogo ya SFF inapokea kadi fupi tu, ile yenye bamba la nusu urefu, na nyingine zina nafasi ya upana wa kadi moja kabla hujagonga pawa saplai. Mashine ya mnara, ile kubwa, inakuondolea sehemu kubwa ya adha hii. Ukichagua kati ya SFF yenye i7 na mnara wenye i5 wa kizazi kile kile, chukua mnara.

Sasa prosesa, kwa mtu anayejenga mpya. Watu huhesabu viini kama vile kila kimoja kinaongeza fremu. Kwa gemu, viini 6 na nyuzi 12 vya kizazi cha karibuni vinatosha karibu kila mahali. Kinachofuata kwa umuhimu ni kasi ya kiini kimoja na ukubwa wa kashe, ile memori ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. AMD walitoa ushahidi wa kashe Aprili 2022. Ryzen 7 5800X ilikuwa na viini 8, kashe ya L3 ya MB 32 na kasi ya juu ya GHz 4.7. Ryzen 7 5800X3D ikaja na viini vile vile 8, kasi ikashuka hadi 4.5, lakini kashe ikapandishwa hadi MB 96 kwa kubandika tabaka la memori juu ya chipu. Ile yenye saa ya polepole ikaishinda nyingine kwenye gemu nyingi. Sababu yake inarudi kwenye ile kona ya mpira: prosesa inauliza habari za vitu vingi vilivyotawanyika kwenye memori, na kila jibu linalopatikana ndani ya kashe linaiepusha na safari ndefu ya kwenda RAM. Ryzen 7 7800X3D na 9800X3D ziliendeleza ubunifu huo. Ni kati ya prosesa bora kabisa kwa gemu, na kwa mwenye kadi ya kawaida kwenye kioo cha Hz 60 ni pesa iliyolala.

Herufi za mwisho nazo zina gharama yake. Intel yenye F, kama i5-12400F, haina grafiki ya ndani. Ryzen 5 5600 pia haina. Bila kadi, mashine inawaka na kioo kinabaki cheusi, na mnunuzi anarudi dukani akidhani ameuziwa kitu kibovu. Anayetaka kuanza bila kadi na kuiongeza baadaye achukue Ryzen 5 5600G au 8600G, zenye grafiki ya ndani inayoweza Valorant na Dota 2. Ila 5600G ilipunguziwa kashe hadi MB 16 na ina PCIe 3.0, kwa hiyo ukishaweka kadi haitakwenda sawa na 5600. Kabla hujaweka kadi, lazima pia RAM iwe vijiti viwili, maana grafiki ya ndani inakula RAM ile ile, na kijiti kimoja kinaikata njia nusu. Na anayenunua Core i7 au i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika awe macho: Intel walikiri mwaka 2024 kwamba volteji ya kupita kiasi ilikuwa ikizichakaza, wakatoa marekebisho ya BIOS na kuongeza dhamana. Marekebisho hayarudishi kilichokwisha kuchakaa.

DLSS ya NVIDIA na FSR ya AMD zimebadilisha hesabu za kadi, na lazima zieleweke kwa mizani ile ile ya nani anamsubiri nani. Zinachora picha ndogo kisha kuikuza kwa ustadi, kwa hiyo zinaipunguzia kadi kazi. Prosesa hazijaigusa. Mashine iliyobanwa na prosesa ikiwashiwa DLSS haiongezi kitu. Zile fremu za kuzalishwa, zinazoingizwa katikati ya fremu mbili za kweli, zinafanya mwendo uonekane laini, lakini mchezo bado unapokea amri ya kidole chako kwa mwendo wa fremu za kweli. Kutoka 70 kwenda 120 kunapendeza. Kutoka 25 kwenda 50, macho yanadanganyika na mkono haudanganyiki.

Intel Arc B580, iliyotangazwa Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na GB 12, inaonyesha jinsi vifaa hivi viwili visivyotenganishika. Kwenye prosesa mpya ni ununuzi mzuri sana. Kwenye za zamani, ilipotoka draiva yake iliidai prosesa kazi kubwa kuliko draiva za washindani, na hata Ryzen 5 5600 ilionekana kuishusha katika baadhi ya gemu. Inahitaji pia ubao mama wenye Resizable BAR, mpangilio unaoiwezesha prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa pamoja. Kadi nzuri, mahali pasipo pake.

Kadi zilizotumika ni soko lenye neema na hila. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi mnamo 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizochimba sarafu mchana na usiku ziliingia sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni na mafuta ya joto vimechoka. Hila mbaya zaidi ni ya majina. Ipo RX 580 ya kweli yenye vitengo 2304 vya kuchorea na ipo nyingine yenye 2048, ambayo kwa asili ni RX 570. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS zijitaje GTX 1050 Ti. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ni ndogo, haihitaji kusakinishwa. Ifungue mbele ya muuzaji, soma jina la chipu, idadi ya vitengo na ukubwa wa memori, ulinganishe na takwimu za mtengenezaji. GPU-Z huzitambua kadi bandia nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Kisha endesha gemu au jaribio zito kwa robo saa ukiangalia joto. Kadi inayozimika au kuonyesha madoa kwenye picha ndani ya robo saa haitapona nyumbani kwako.

Joto na umeme vinahusu sana pwani yetu. Dar es Salaam au Mombasa chumba kikiwa na nyuzi joto 32, kila kitu ndani ya kasha kinaanzia hapo, na kadi ikifikia kikomo chake cha joto inajipunguza kasi yenyewe. Boksi linalopitisha hewa lenye feni mbili lina thamani kuliko taa za rangi. RX 580 inakula hadi wati 185, RX 6600 ya Oktoba 2021 inakula 132 na kuishinda kwa mbali. Kwa saa nne kila siku, tofauti hiyo ni uniti 6 na ushei kwa mwezi. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unaua pawa saplai dhaifu, nayo mara nyingine inaondoka na ubao mama au kadi. Usiibane bajeti hapo. Saplai ya wati 550 kutoka kampuni inayoaminika, pamoja na UPS, ndiyo bima ya vyote nilivyovitaja.

Wanaofikiria laptopu wajue kwamba RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa kikomo popote kati ya wati 35 na 115, kwa jina lile lile. Uliza wati.

Hukumu yangu, basi. Anayejenga kutoka sifuri kwa ajili ya kioo cha 1080p achukue Ryzen 5 5600, RAM ya GB 16 kwa vijiti viwili, na kadi ya RX 6600 au RTX 4060. Kadi ichukue sehemu kubwa kuliko zote ya bajeti, kama mara mbili ya prosesa. Soketi ya prosesa hiyo, AM4, inapokea 5800X3D, kwa hiyo akija kununua monita ya Hz 144 na kukuta prosesa inachelewesha, atabadilisha kitu kimoja tu. Mwenye uwezo zaidi aanze na AM5, ambayo AMD wameahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Mwenye bajeti ya mashine ya ofisi atafute mnara wenye i5-8500 na RTX 3050 ya GB 6. Mwenye i7 ya kizazi cha 2 hadi cha 4 asiinunulie kadi kubwa, itakaa ikisubiri. Na mashine ikishafika nyumbani, chomeka kebo ya kioo kwenye kadi, usiichomeke kwenye ubao mama, kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows uthibitishe kwamba monita imewekwa kwenye Hz ulizozilipia.